Oliver Tambo na Kazi ya Kusikiliza

Mwishoni mwa Aprili 1969, chini ya milima ya Uluguru, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, African National Congress (ANC), kilikuwa karibu kuvunjika. Wajumbe zaidi ya 70 walikuwa wamefika Morogoro kutoka kambini, kutoka ofisi za uhamishoni na kutoka Ulaya, na wengi wao hawakuja kupongezana. Kulikuwa na waraka uliokuwa umewatia moto. Vijana saba wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama, Chris Hani akiwa mbele yao, walikuwa wameandika kwa majina yao kwamba viongozi wamegeuka watu wa ofisini, wanazunguka dunia kwa ndege, wanaishi kwa starehe, na nchi waliyoiacha mikononi mwa makaburu wameisahau. Waliwataja wakubwa kwa majina. Walilalamika pia kwamba wapiganaji waliotoka vitani na magerezani hawakuitwa na mtu yeyote kuulizwa yaliyowapata.

Hani hakuwa mlalamishi wa kijiweni. Agosti 1967 alikuwa miongoni mwa waliovuka Mto Zambezi pamoja na wapiganaji wa ZAPU, chama cha ukombozi cha Rhodesia, wakaingia nchini humo kupitia mbuga ya Wankie, wakapigana na askari wa serikali ya Wazungu ya Ian Smith mpaka risasi na chakula vikapungua. Waliosalia walikimbilia Botswana na huko wakafungwa. Waliporudi Zambia walikuta mambo yanaendelea kana kwamba hakuna aliyekufa. Ndipo wakaandika.

Hatua ya kwanza ya wakubwa ilikuwa kuwafukuza. Kuna hata waliotaka wauawe, kwa hoja kwamba askari anayewashutumu viongozi wake hadharani wakati wa vita ni msaliti. Na Oliver Reginald Tambo, Kaimu Rais wa chama tangu kifo cha Chifu Albert Luthuli mwaka 1967, alikuwa na kila sababu ya kukasirika, maana waraka ulimgusa na yeye. Uongozi uliolaumiwa ulikuwa uongozi wake.

Badala ya kuwanyamazisha, aliitisha mkutano ili wote wasikike. Miezi ya kabla yake matawi na kambi zilialikwa kuandika maoni yao, na maoni yakaja, mengine makali kuliko ule waraka. Pale Morogoro maneno yalipopamba moto, Tambo alitangaza kujiuzulu, akaacha kiti. Mzee J.B. Marks akashika uenyekiti. Wajumbe wale wale waliokuwa wakipiga kelele walipotakiwa kuchagua kiongozi, wakamrudisha yeye. Vijana saba wakasamehewa na kurudishwa chamani. Hani aliendelea kupanda ngazi mpaka mwaka 1987 akawa Mnadhimu Mkuu wa jeshi ambalo alikuwa nusura afie mikononi mwake.

Msomaji aliyewahi kukaa kwenye vikao vya chama chochote katika nchi zetu anajua mambo haya huishia wapi kwa kawaida. Mwenye waraka huitwa msaliti, wapambe hupiga makofi, na kikao huahirishwa. Ninaanza na Morogoro kwa sababu pale ndipo aina ya uongozi wa Tambo inapoonekana ikiwa chini ya shinikizo. Siku za neema, upole ni rahisi kwa kila mtu.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1917 katika kijiji cha Kantolo, wilaya ya Bizana, nchi ya Wampondo, mashariki mwa Rasi. Baba yake, Mzimeni, alimpa jina la Kaizana kwa ajili ya Kaisari wa Ujerumani, aliyekuwa vitani na Waingereza waliokuwa wameitwaa nchi yao. Wamisionari wa Kianglikana walimsomesha, kwanza Holy Cross karibu na Flagstaff, kisha St Peter's mjini Johannesburg, kisha akaingia Chuo cha Fort Hare, alikopata shahada ya sayansi mwaka 1941. Mwaka uliofuata alifukuzwa chuoni hapo kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi. Alirudi St Peter's kufundisha hisabati na sayansi, na waliosoma kwake walimkumbuka kama mwalimu asiyekimbilia kutoa jibu. Tabia hiyo hakuiacha.

Mwaka 1944 yeye, Nelson Mandela, Walter Sisulu, Anton Lembede na wenzao walianzisha Umoja wa Vijana wa ANC. Desemba 1952 jina la Mandela na Tambo lilipigwa rangi kwenye dirisha la ofisi ya uwakili katika jengo la Chancellor House, mkabala na mahakama ya mahakimu mjini Johannesburg. Kila asubuhi ngazi na varanda zilijaa watu: aliyekamatwa bila pasi, aliyelala upande wa mji uliokatazwa, aliyeingia mlango wa Wazungu, mzee anayeambiwa ahame shamba alilozaliwa. Mandela alikuwa wa kusimama mahakamani, mrefu, mwenye sauti na mbwembwe za wakili anayejua kwamba ukumbi wote unamtazama. Tambo alikuwa wa vitabu vya sheria. Alimhoji mteja polepole, akaandika, akauliza tena, kisha akaja na kifungu ambacho hakimu hakukitegemea. Walijuana vizuri hawa wawili, na nadhani kila mmoja alielewa mapema kwamba mwenzake ana kile ambacho yeye hana.

Wengi hawajui kwamba alitaka kuwa padri. Alikuwa amekwisha kukubaliwa na kanisa aanze maandalizi. Desemba 1956 polisi wakagonga mlango wakiwa na hati ya kumkamata, akawa mmoja wa washtakiwa 156 wa kesi ya uhaini, na upadri ukaishia hapo. Wiki chache baadaye, tarehe 22 Desemba, akiwa nje kwa dhamana, alimuoa Adelaide Tshukudu. Rafiki yake mkubwa katika kanisa, Padri Trevor Huddleston, alikuja baadaye kuwa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanzania, na baada ya hapo akawa miongoni mwa viongozi wa harakati za kupinga ubaguzi wa rangi huko Uingereza. Imani ya Tambo haikuwa ya kuhubiri. Ilimpa uvumilivu, na pia ilimfanya aone aibu ya kumdhalilisha mtu mbele ya wengine, hata mtu aliyekosa.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwapiga risasi waandamanaji huko Sharpeville, wakaua watu 69. Chama kilikuwa kimekwisha kuamua kwamba mambo yakiharibika, Tambo, Makamu wa Rais, atoke nje akaisemee nchi. Haikupita wiki mbili tangu mauaji yale, na kabla serikali haijakipiga chama marufuku, mwandishi wa habari Ronald Segal alimvusha mpaka kwa gari akamfikisha Bechuanaland. Frene Ginwala, mwanamke kijana aliyekuja kuwa mhariri wa gazeti la The Standard la Dar es Salaam na baadaye Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru, ndiye aliyeshughulikia njia ya kumfikisha Tanganyika. Dar es Salaam alipokewa na Julius Nyerere, ambaye nchi yake ilikuwa bado haijapata uhuru.

Alidhani atakaa nje miaka michache. Alikaa 30.

Katika miaka hiyo kuna jambo moja linaloeleza mengine yote. Tambo hakujiona mwenye kiti. Aliondoka nchini akiwa ametumwa na Luthuli, na ilipofika mwaka 1964 Mandela, Sisulu, Govan Mbeki na wenzao walikuwa Kisiwa cha Robben wakitumikia kifungo cha maisha. Uongozi aliokuwa nao aliushika kama amana ya watu walio gerezani, na mwenye amana hatumii mali ya mwenzake kwa mambo yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wazo lilipotolewa kwamba kampeni ya dunia ijengwe juu ya jina na sura ya mfungwa mmoja, Mandela, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi, yeye ndiye aliyekuwa akisafiri na kuombaomba silaha, fedha na nafasi za masomo. Angeweza kuweka picha yake kwenye mabango, na hakuna ambaye angeshangaa. Aliliunga mkono wazo lile kwa moyo wote. Mamilioni ya vijana duniani walioimba jina la Mandela katika miaka ya 1980 hawakujua Tambo ni nani, na hilo halikumsumbua.

Adelaide na watoto watatu walikuwa London, mtaa wa Muswell Hill, na Adelaide akifanya kazi ya uuguzi, zamu juu ya zamu, kulea familia. Mumewe alikuwa Lusaka, au Morogoro, au Luanda, au ndani ya ndege. Alikuwa na pumu iliyomsumbua tangu ujana. Kwa watoto wake alikuwa baba wa likizo, akija na kuondoka. Sipendi kupita haraka juu ya hili, kwa sababu tunaposifu uvumilivu wa viongozi wa ukombozi tunasahau kwamba sehemu kubwa ya uvumilivu huo ulikuwa wa wake zao.

Katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa Tambo alifungua ajenda, akachukua kalamu, akanyamaza. Wenye maneno mengi walisema yote. Waliokaa kimya aliwauliza kwa majina. Alikuwa akiandika muda wote, na mwisho alipozungumza, kila mjumbe alisikia hoja yake imetajwa, hata ile iliyokataliwa. Kura aliitumia kwa nadra. Alipendelea watu wazungumze mpaka wafike mahali ambapo hata mpinzani anaweza kusema, sawa, twende. Ni utaratibu wa baraza la wazee wa Kimpondo, alikokulia akiwatazama watu wazima wakikaa na chifu. Hotuba na matamko yaliyoandikwa na vijana kama Thabo Mbeki aliyapitia usiku kucha, akifuta neno, akilirudisha, akibadilisha mkato. Waliofanya naye kazi walichoka naye kwa hilo. Lakini chama kilichokuwa na Wakristo na wakomunisti, machifu na madokta, watu wa kijijini wasiojua kusoma na wasomi wa Sussex na Moscow, kilihitaji maneno ambayo kila mmoja angeweza kuyatamka bila kujisaliti.

Utaratibu huo una gharama yake, na Tambo aliilipa. Chukua suala la nani ni mwanachama. Chama kilichopigania nchi isiyo na ubaguzi kilikuwa chenyewe hakiruhusu Mzungu, Mhindi wala chotara kujiunga. Morogoro, mwaka 1969, mlango ulifunguliwa nusu: wote waliokuwa uhamishoni wangeweza kuwa wanachama, lakini Halmashauri Kuu ikabaki ya Waafrika peke yao. Nusu hiyo iliwaudhi watu wa pande zote. Mwaka 1975 kundi la watu wanane walioona kwamba wakomunisti na wasio Waafrika wamekiteka chama lilifukuzwa, baada ya Tambo kuwavumilia kwa miaka. Mlango ulifunguliwa wote Juni 1985, katika mkutano wa Kabwe nchini Zambia, Joe Slovo, Myahudi mzaliwa wa Lithuania na mkomunisti asiyeficha, alipochaguliwa kuingia Halmashauri Kuu. Ilichukua miaka 16. Wapo wanaosema ni mingi mno. Mimi naona kwamba vyama vingi vya ukombozi vilivyokimbiza suala kama hilo viligawanyika vipande viwili au vitatu, kila kipande kikidai ndicho chama halisi. Wapinzani wao, chama cha Pan Africanist Congress (PAC), walipitia hayo hapa hapa Dar es Salaam. ANC ilirudi nyumbani ikiwa moja.

Gharama nyingine ilikuwa nzito zaidi, nayo haifutiki kwa sifa. Idara ya usalama ya chama, katika woga wake wa wapelelezi wa makaburu, ambao kweli walikuwapo, iliwafunga na kuwatesa watu wake yenyewe. Jela ya Quatro nchini Angola ikawa jina la kutisha. Mwaka 1984 wapiganaji huko Angola waliasi, wakidai wapelekwe kupigana nyumbani na wakidai mkutano mkuu. Uasi ukazimwa, na baadhi yao wakauawa. Ni kweli kwamba mwaka 1980 Tambo alikwenda Geneva kutia saini tamko la chama kufuata Mikataba ya Geneva, jambo ambalo jeshi la ukombozi lilikuwa halilazimiki kulifanya. Ni kweli aliunda tume kuchunguza uasi ule, na kwamba Kabwe ilipitisha kanuni za maadili. Lakini mtu anayeongoza kwa kusikiliza hutegemea kwamba sauti zitamfikia, na wale waliokuwa ndani ya Quatro sauti zao hazikufika mapema. Wenye kuzizuia walikuwa wamekaa mezani pamoja naye, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja meza. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilipotoa ripoti yake mwaka 1998 ilisema wazi kwamba chama kilihusika na ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu makambini. Anayempenda Tambo hana budi kuisoma sehemu hiyo pia.

Kwetu Tanzania, alama kubwa aliyoiacha iko Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Baada ya watoto wa shule wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, maelfu ya vijana walivuka mipaka. Walitaka bunduki. Tambo, aliyekuwa mwalimu, alitaka wengi wao kwanza wapate shule. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi ya shamba la mkonge lililoachwa, mwaka 1977, na mahali penye majumba mabovu na vichaka pakajengwa madarasa, mabweni, hospitali, shamba la mifugo na viwanda vidogo, kwa misaada iliyotoka hasa nchi za Skandinavia na kwa mikono ya wanafunzi wenyewe na wenyeji wa Morogoro. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Tambo aliifungua rasmi mwaka 1985. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Uhusiano wa Tambo na wenyeji haukuwa laini wakati wote. Mwaka ule ule wa mkutano wa Morogoro, serikali ya Tanzania iliwataka wapiganaji wa ANC waondoke kambi ya Kongwa, katika lile eneo la mradi wa karanga uliowashinda Waingereza, na ikabidi wapelekwe Muungano wa Kisovieti. Hakusimama popote kulaumu. Alijua kwamba mgeni hana nchi nyingine ya kukimbilia, na kwamba nchi jirani zililipa kwa damu. Tarehe 9 Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini waliingia Maseru usiku wakaua watu 42, wakimbizi na raia wa Lesotho. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Tambo alipanda ndege akaenda kuzika, akasimama makaburini pamoja na Mfalme Moshoeshoe II. Washauri wake walikuwa na hofu kwamba ndege ingelazimishwa kutua upande wa pili.

Kufikia mwaka 1985 hali nyumbani ilikuwa imebadilika. Mapema mwaka huo alikuwa amewaita wananchi kuifanya nchi isitawalike, na vitongoji viliitika. Septemba ya mwaka huo huo alikaa Mfuwe, kwenye hoteli ya mbugani bonde la Luangwa, na wakubwa wa biashara wa Afrika Kusini wakiongozwa na Gavin Relly wa kampuni ya Anglo American, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mwenyeji. Matajiri walikuja na nguo za mapumziko. Wanamapinduzi walikuja wamevaa suti na tai. Ndani ya siku ile watu walioambiwa kwa miaka 25 kwamba huyu ni gaidi walikutana na bwana mpole aliyewauliza maswali na kusubiri majibu. Hakuficha kwamba vita vitaendelea, wala hakuficha kwamba chama kinataka kugusa umiliki wa migodi na mabenki. Waliondoka bila makubaliano, lakini waliondoka na habari ambayo Rais P.W. Botha hakutaka waipate.

Mandela alipoanza mazungumzo yake ya siri na serikali kutoka gerezani, bila kwanza kuomba ruhusa, hofu ilitanda Lusaka kwamba amenunuliwa. Tambo alimwandikia kwa kifupi kumuuliza anazungumza nao nini. Jibu lilikuwa la kifupi pia: kuhusu serikali kukutana na chama. Akaamini, akawatuliza wenzake, huku akiendelea kuandaa Operesheni Vula, ya kuingiza makamanda na silaha nchini kwa siri. Yule mpole alikuwa bado hajaweka silaha chini.

Mwanzoni mwa Agosti 1989, kwa ndege aliyopewa na Kaunda, alizunguka miji mikuu ya Nchi za Mstari wa Mbele akiwa na rasimu ya masharti ya mazungumzo, akiwasikiliza marais mmoja mmoja na kurekebisha maneno usiku. Alitaka Afrika iseme kabla wakubwa wa dunia hawajaandika masharti yao. Aliporudi Lusaka alianguka kwa kiharusi. Wiki mbili hivi baadaye, tarehe 21 Agosti, rasimu ile ilipitishwa kama Azimio la Harare, yeye akiwa mgonjwa Ulaya. Tarehe 2 Februari 1990 Rais F.W. de Klerk alisimama bungeni kuondoa marufuku ya chama, na mengi aliyoyatangaza yalikuwa katika masharti ya azimio lile.

Tambo alirudi Johannesburg tarehe 13 Desemba 1990, mwili umedhoofu na usemi mzito. Kesho yake alifungua mkutano wa chama, na akapendekeza jambo lisilopendeza: kwamba chama kifikirie upya msimamo wake juu ya vikwazo vya kiuchumi, maana baadhi ya nchi zilikuwa zimeanza kuvilegeza na chama kingeachwa nyuma. Wajumbe, wengi wao vijana waliotoka kwenye moshi wa vitongoji, walikataa. Wangeweza kumnyamazia kwa heshima ya uzee na ugonjwa, lakini walimkatalia waziwazi, Rais wao wa miaka mingi, siku chache baada ya kushuka kwenye ndege. Azimio la kuendelea na vikwazo likapita, naye akaliacha lipite. Julai 1991, huko Durban, alimkabidhi Mandela urais wa chama, na wajumbe wakampa yeye uenyekiti.